Karanga Gramu Mia na Ishirini

Karatasi iliandikwa gramu mia na ishirini za karanga kwa siku. Nyumbani kwetu hakuna mizani. Kuna kikopo cha nyanya.

Ni kile kikopo cha nyanya ya kusaga kinachouzwa kila duka, si kile kidogo kabisa, ni kile kinachokifuata. Mke wangu alikifungua miaka mingi iliyopita, akakwangua nyanya yote, akakigongagonga mdomo kwa jiwe ili usikate vidole, na tangu hapo kila kitu jikoni kwetu kimepita humo. Mchele, ulezi, dagaa, karanga. Karatasi yake ya nje ilishabanduka, na upande mmoja kina kibonyeo cha siku kilipoangukia sakafuni. Mimi nilikuwa nakula tu. Miaka thelathini na minne ya ndoa nimekula vilivyopimwa kwa kikopo hicho bila kuuliza kinabeba kiasi gani, mimi niliyekuwa natoka kila asubuhi kwenda kufundisha watoto wa watu namna ya kupima.

Nilifundisha fizikia. Nalisema mapema ili msomaji aelewe vizuri aibu yangu ilipo.

Mke wangu ana uvimbe tumboni. Madaktari wa Mwanza waliuona, wakasema unatolewa, ila si kwa mwili ule alioenda nao. Alikuwa na kilo arobaini na tatu. Mwanamke aliyekuwa akibeba ndoo mbili za maji kwa mpigo, akapungua hadi blauzi zake zikawa zinamning'inia mabegani. Daktari alituambia bila kuzunguka kwamba akifika kilo arobaini na sita atampasua, na chini ya hapo hathubutu. Akatupa wiki kumi na mbili, akasema tusizidishe, kwa sababu uvimbe nao hautusubiri. Tukarudi Musoma tukiwa na kilo tatu za kutafuta.

Karatasi tuliandikiwa na dada wa lishe pale kliniki ya mjini, ambako tungekuwa tunapima uzito kila baada ya wiki mbili. Aliorodhesha mayai, maziwa, samaki, parachichi na karanga. Mke wangu mayai hayawezi, harufu yake tu inamgeuza tumbo. Maziwa anayatapika. Samaki anakula kidogo, tena dagaa kuliko sato. Dada wa lishe alipoyasikia hayo akachukua kalamu, akazungushia neno karanga duara mara mbili.

"Hizi ndizo zitambeba, mzee," akaniambia. "Zitwange, weka kwenye uji, weka kwenye mboga, weka kwenye dagaa. Gramu mia na ishirini, usipunguze."

Nikakunja karatasi, nikaiweka mfuko wa shati. Kesho yake nikachukua kikopo cha nyanya na karanga kidogo kwenye mfuko, nikaenda navyo hadi duka moja la mtaa wa Mukendo lenye mizani ya kidijitali. Mwenye duka nilimfundisha zamani. Nikamwomba nipime kikopo kitupu kwanza, kisha nikakijaza karanga mbichi zilizomenywa, nikasawazisha juu kwa rula niliyokuja nayo, nikapima tena, nikatoa uzito wa chombo. Wateja wawili nyuma yangu wakawa wanavuta pumzi kwa nguvu.

"Mwalimu," mwenye duka akasema, "bado unatusumbuaga tu na mizani."

Ikatoka gramu mia moja ishirini na tano. Nikafurahi mno, na katika siku zile kufurahi kulikuwa adimu. Kikopo kimoja kilichosawazishwa, toa karanga kumi, unabaki na mia na ishirini. Nikaandika nyuma ya karatasi ya kliniki: Kikopo 1 – karanga 10 = g 120. Nikapigia mstari kama nilivyokuwa nikipigia jibu ubaoni.

Mama yangu kule Butiama hakuwa hata na kikopo. Alipima karanga kwa kiganja, kiganja kimoja kwa kila mtu wa nyumbani na kimoja zaidi kwa yeyote ambaye angepiga hodi wakati chakula kikiwa jikoni. Mboga haikuwahi kubadilika ladha. Nikiwa kidato cha tatu nilimwambia kwamba viganja vya watu havilingani, kwa hiyo kipimo chake si sahihi. Akanitazama, akaniambia basi nisile. Nilikula. Ninakumbuka jambo hilo mara nyingi siku hizi, nikiwa nimeshika kinu kwa magoti.

Kwetu mwanamume mzima akionekana anatwanga, watu huuliza nani kafariki humo ndani. Watoto wetu wawili wako mbali na wana kazi zao, hupiga simu Jumapili. Msichana wa kusaidia tulikuwa naye, akaolewa. Kwa hiyo nikatwanga mwenyewe. Asubuhi nilihesabu karanga kumi, nikazitoa na kuzila, zikabaki za mgonjwa. Nikazikaanga kwenye sufuria juu ya jiko la mkaa, nikizikoroga zisiungue, nikaziacha zipoe, nikazifikicha maganda kwenye ungo, nikapepeta. Hapo ndipo nilipozitia kinuni.

Jirani yetu hapa Kitaji, mama mmoja mwenye maneno, alinichungulia juu ya ua siku ya kwanza.

"Mwalimu, leo zamu yako?"

"Zamu yangu mpaka nitakapokuambia."

"Basi twanga vizuri. Huo mchi unaushika kama chaki."

Nilimwambia aangalie kuku wake wasije kunilia maganda. Akacheka, akarudi kwake, na jioni akaniletea mboga ya mgagani iliyochambuliwa tayari.

Unga ukishatoka niligawa mafungu matatu. Fungu la kwanza liliingia kwenye uji wa ulezi wa asubuhi, la pili kwenye mboga ya mchana, la tatu kwenye dagaa za jioni. Mke wangu alikuwa anakaa barazani kwenye mkeka, mgongo ukutani, kutoka hapo mlango wa jiko unaonekana wote. Alikuwa ananitazama nikihangaika, mara nyingine anaficha mdomo kwa khanga. Alikula polepole, akipumzika katikati, lakini alimaliza. Baada ya wiki mbili tukaenda kliniki. Arobaini na tatu na gramu mia nane.

Nilimnunulia soda, akanywa nusu, nusu nikanywa mimi. Tulirudi nyumbani kwa bajaji, na nilikuwa na furaha kiasi cha kuogopa kuisema.

Sasa nieleze uchovu, maana bila huo haya yaliyofuata hayaeleweki. Sikuwa na kutwanga peke yake. Kulikuwa na maji ya kuchota bomba lilipokatika, nguo za kufua, shuka za kufua tena alipotapika usiku, dawa za saa mbili, dawa za saa nane, kumsaidia kwenda chooni, kufagia, kuwasha jiko ambalo mkaa wake ulikuwa mbichi na unatoa moshi tu. Nina miaka sitini na mitatu na bega langu la kulia lina shida tangu nilipokuwa naandika ubaoni. Nilifika mahali nikawa nakasirikia vitu. Nilikasirikia kifuniko cha ndoo kwa sababu hakikai sawa. Nilikasirikia kuku. Siku moja niliukasirikia upepo wa ziwani uliomwaga maganda ya karanga uwanjani nilipokuwa nimeshafagia, nikasimama pale na ungo mkononi nikaupa maneno makali, na mke wangu akaniambia kutoka barazani, "Mwalimu, huo haujakuja shule."

Wiki ya tatu, Jumamosi, nikaamua nitwange za wiki nzima kwa mpigo. Kukaanga mara moja, kufikicha mara moja, kutwanga mara moja, bega liume siku moja badala ya saba. Nikatwanga, nikajaza ndoo ndogo yenye mfuniko. Tangu siku hiyo asubuhi nilikuwa nachota unga kikopo kimoja, nasawazisha juu kwa mgongo wa kisu, napunguza kwa ncha ya kisu kiasi cha zile karanga kumi, nagawa mafungu matatu. Nilikuwa nimejiokolea karibu saa nzima kila siku. Nilijisifu.

Jumamosi ileile, kabla sijafunga ndoo, nilichukua karatasi nikaandika chini ya hesabu yangu neno moja: Unga? Kisha nikaikunja, nikairudisha mfukoni.

Mtu yeyote aliyekaa darasani kwangu angenishangaa. Kila mwaka nilikuwa naingia kidato cha kwanza na vikopo viwili sawasawa, kimoja cha mchanga na kimoja cha pumba za mtama, nauliza kipi kizito. Kisha nauliza tena, kilo moja ya mchanga na kilo moja ya pumba, ipi nzito. Nusu ya darasa wanapiga kelele mchanga. Nilikuwa nawacheka sana. Nilikuwa nawaambia kitu kilekile ukikisaga, hewa inaingia katikati yake, ujazo unabadilika, na ukitaka kujua uzito usiamini macho, pima upya. Nimelisema hilo miaka thelathini na moja.

Kliniki ya wiki ya nne ilitoka arobaini na nne kamili. Si mbaya, nikasema, mwili umeanza kuzoea. Ya wiki ya sita ikatoka arobaini na tatu na mia tisa.

Dada wa lishe akaniangalia. Akaniuliza kama anakula chote. Nikasema chote. Akauliza kama anatapika. Nikasema si kama zamani. Akauliza karanga ninapimaje, nikamwambia kwa kikopo nilichokipima kwenye mizani, hesabu iko mfukoni, na nilisema hivyo kwa sauti ya mtu asiyetaka kuulizwa zaidi. Akaandika kitu kwenye kadi. Zilibaki wiki sita.

Njiani kurudi nilikuwa nimenuna. Tulipofika nyumbani nilimkalisha kwenye mkeka, nikasimama mbele yake kama vile yeye ni mwanafunzi aliyekamatwa.

"Unatema?"

"Natema nini?"

"Chakula. Nikigeuka unatema, au unampa paka."

"Nakula chote, mwalimu. Sahani si unaosha mwenyewe?"

"Basi kinaenda wapi?"

Nikamfokea. Nilimwambia navunjika bega kwa ajili yake, kwamba watoto wananiuliza kila Jumapili na sina la kuwaambia, kwamba kama hataki kupona aseme tupumzike wote. Maneno hayo ya mwisho niliyatamani yarudi mdomoni kabla hayajafika kwake. Alijifunika khanga kichwani akalala akielekea ukutani. Mchana ule alikula mboga yake yote, akaipangusa sahani kwa tonge la ugali, akaniwekea chini mbele yangu ili niione.

Siku tatu baadaye mdogo wake akafika kutoka Mugeta. Alitoka alfajiri, akapitia Bunda kusalimia watu wa kanisani kwake, akaingia kwetu saa tano na nusu na nusu gunia la karanga za msimu huu, nyekundu, ndogondogo, za shambani kwake mwenyewe. Ni mwanamke mnene wa kucheka haraka. Alimkumbatia dada yake barazani, wakakaa wameshikana mikono kwa muda, halafu akaja jikoni kunipokea kazi.

"Shemeji, kaa. Leo napika mimi."

"Kuna vipimo," nikamwambia. "Ngoja nikuonyeshe, asije akaharibikiwa."

Nikafungua ndoo. Nikachota unga kwa kikopo, nikasawazisha kwa mgongo wa kisu, nikapunguza kwa ncha kile kiasi changu, nikamwonyesha. Nadhani nilimwonyesha kwa majivuno kidogo. Alikiangalia kikopo, akaniangalia mimi.

"Hivyo ndivyo unapimaga?"

"Kila siku."

"Hiyo haijajaa, shemeji."

"Imejaa. Si unaona nimesawazisha?"

Akakichukua. Akakigonga chini kwenye sementi mara tatu, ko, ko, ko, bila haraka. Unga ukashuka. Ukashuka hadi chini ya kile kibonyeo, vidole viwili kutoka mdomoni. Akachota mwingine akajazia, akagonga tena, ukashuka kidogo, akajazia tena, hadi ulipokataa kushuka. Kisha akaweka kichuguu juu yake, akakishindilia kwa kiganja.

"Karanga nzima haigongwi," akasema. "Ikishakuwa unga inagongwa mara tatu. Nyumbani wote tunafanyaga hivyo. Dada hajakwambia? Yeye ndiye alinifundishaga mimi, nikiwa mdogo, nilichapwa kwa sababu ya hii."

Nilikaa juu ya kigoda. Akili ya mwalimu, hata ikiwa imechoka, hesabu haiiachi: vidole viwili kati ya vidole vitano na kidogo vya kimo cha kikopo, ndiyo zaidi ya theluthi. Siku baada ya siku, kwa karibu wiki nne, nilikuwa nimemnyima mke wangu zaidi ya theluthi ya chakula chake, kwa rula, kwa kisu, kwa usahihi mkubwa, na juu ya hapo nikimpunguzia tena kwa ajili ya karanga kumi ambazo hazikuwamo.

Shemeji alidhani nimeshikwa na kizunguzungu. Nikamwambia ni bega. Akapika, uji akaukoroga mzito, dagaa akaziungia karanga hadi mafuta yakaelea juu. Kisha akasema anakwenda sokoni kutafuta ndizi, akatuacha wawili.

Nilitoka barazani. Ilikuwa kama saa saba mchana, jua kali, upepo ukivuta mapazia nje ya madirisha. Nikakaa kwenye mkeka karibu naye, jambo ambalo kwa kawaida silifanyi, magoti yangu hayapendi. Nilikuwa na kikopo mkononi, sijui kwa nini nilitoka nacho.

"Mdogo wako anasema wewe ndiye uliyemfundisha kugonga."

"Ndiyo."

"Na mimi ulikuwa unaniona nachota bila kugonga."

Akakunja ncha ya khanga, akaikunjua. "Nilikuwaga naona. Hapa si pananyooka mpaka jikoni?"

"Tangu lini?"

"Tangu ile Jumamosi ulitwanga nyingi."

Nilihisi hasira inapanda, kisha nikayakumbuka yale niliyomwambia siku tatu zilizopita, nimesimama juu yake na kumwuliza kama anampa paka. Hasira ikakosa pa kukaa. Nikamwuliza kwa nini hakusema, na sauti yangu ikatoka ndogo.

Alikuwa ameweka mkono juu ya tumbo, pale penyewe, kama anavyofanya siku hizi hata akiwa usingizini.

"Nikifika arobaini na sita watanikata," akasema. "Nikiwa chini hawanikati. Sikupanga, mwalimu, usije ukasema nilipanga. Siku ya kwanza nilitaka kukwambia gonga, nikaona umechoka sana, umekaa chini na mchi umeuegemea, nikasema kesho. Kesho yake nikaona afadhali kunyamaza. Halafu nikawa nanyamazaga tu."

"Na nilipokufokea?"

"Hapo ndiyo nilikaribia kusema."

Ningeweza kuliacha hapo. Yeye ndiye aliyekuwa ameficha na mimi ndiye niliyekosea kwa kutojua, na watu wawili waliokaa pamoja miaka thelathini na minne wanaweza kusameheana mambo hayo wakaendelea. Lakini mfukoni mwa shati nilikuwa na karatasi, na ilikuwa inanichoma. Nikaitoa, nikaikunjua, nikaigeuza nyuma, nikampa. Aliisogeza mbali na macho kwa sababu miwani ilikuwa ndani.

"Kikopo kimoja toa karanga kumi," akasoma. "Hii najua. Hapa chini umeandika nini?"

"Soma."

"Unga." Akainua macho. "Na alama ya kuuliza."

"Niliandika Jumamosi ileile."

Akaendelea kunitazama. Nikamwambia yote. Kwamba duka la Mukendo nalipita kila ninapokwenda kuchukua dawa zake, na lile swali lilikuwa mfukoni, na kupima unga ni kazi ya dakika mbili. Kwamba mara ya kwanza nilijiambia nina haraka. Mara ya pili nilijiambia kuna wateja wengi, na hapakuwa na mteja hata mmoja, mwenye duka alikuwa amekaa nje anasuka nywele, akanisalimia. Mara ya tatu nilipita upande wa pili wa barabara. Kwamba sikujua ni gramu ngapi zinapotea, lakini kwamba zinapotea nilijua, nisingeweza kutojua, na kila kliniki ilipotoka na namba ndogo nilikasirika kwa mdomo, na ndani kabisa kulikuwa na sehemu yangu iliyopumua.

"Ulikuwa unapumua nini?" akaniuliza.

"Kwamba safari ya Mwanza bado."

Alicheka. Ilimuuma, akajishika tumbo kwa mikono miwili, lakini alicheka hadi machozi yakamtoka, na mimi nikawa nalia wakati yeye anacheka, jambo la ajabu kwa mtu akituona kutoka barabarani.

"Kumbe tulikuwa wawili," akasema. "Kila mtu na lake. Na yule dada wa watu kliniki anahangaika na kadi."

Upande wa pili wa ua jirani alikuwa anagombana na kuku. Harufu ya dagaa na karanga ilikuwa imetoka jikoni ikajaa baraza yote, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi nilihisi njaa yangu mwenyewe.

"Wewe unataka wanikate?" akaniuliza.

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Daktari aliongea na sisi kuhusu kilo, watoto waliongea kuhusu nauli na ratiba, mimi niliongea kuhusu gramu. Nilifikiri kidogo kabla ya kumjibu, kwa sababu nilikuwa nimechoka kujibu kwa uongo.

"Nataka upone. Kukukata naogopa. Naogopa kurudi kutoka Mwanza peke yangu, na kufika hapa, na kukuta hicho kikopo."

"Na nisipokatwa?"

"Hapo naogopa zaidi. Ila hofu hiyo haina tarehe."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesikia habari aliyokuwa ameshaijua. Akaufuta uso kwa khanga. Akajivuta akakaa wima, mgongo ukaachana na ukuta, akanyoosha mkono.

"Mimi naogopa mpaka vidole vya miguu," akasema. "Basi tuogope tukiwa tumeshiba. Lete hiyo ndoo."

Nikaileta. Akachota unga mwenyewe, mwingine ukamwagika mkekani. Akakigonga kikopo kwenye sementi ya baraza mara tatu. Mara ya tatu alipumzika kwanza, kisha akagonga. Unga ulikuwa umeshuka vidole viwili. Akanisukumia.

"Jaza."

Nikajaza. Nikagonga, nikajaza tena, hadi ukakataa kushuka. Halafu mkono wangu, kwa mazoea tu, ukachukua kisu kupunguza kile kiasi cha karanga kumi, na mke wangu akanishika kifundo cha mkono, kwa nguvu ambayo sikujua kama bado anayo, na hakuniachia mpaka nilipokiweka kisu chini.